Redio Isiyo na Pa Kushika

Kina mama, na ninyi wanaume wawili mliofuata chai, nisikilizeni. Leo ninaye mzee wa kuwapa.

Mzee huyu alikuwa dereva, kisha akapofuka. Gari lake, Pijo ya zamani yenye rangi ya maziwa, likabaki uani chini ya mabati. Kila mchana alipapasa ukuta mpaka garini, akaketi kwenye usukani, akawasha redio. Kidude cha kuzungusha cha kushoto ni sauti, cha kulia ni stesheni. Vidole vyake havikukosea hata siku moja.

Alikuwa akisikiliza matangazo ya vifo. Msicheke. Ng'ambo ya mto alikuwa na rafiki yake wa ujana, nao walikuwa wamepatana: atakayetangulia, mwenzake ndiye atakayemtupia udongo wa kwanza. Simu hawakuwa nazo. Redio ndiyo ingewaambia.

Basi akaja mwanawe kutoka mjini. Kijana mwema, sina la kumsema. Lile gari alilipenda, akaling'arisha mpaka kuku wakajiona humo. Akaleta fundi, fundi akakata dashibodi kwa msumeno, akapachika redio mpya, kioo kitupu. Unagusa tu. Ile ya zamani ikaondoka na mnunuzi wa vyuma chakavu.

"Baba, sikia muziki huo!"

"Nausikia, mwanangu. Mungu akubariki."

Kijana akarudi mjini moyo mweupe. Kesho yake mzee akaketi garini, akanyoosha mkono. Kioo. Akapapasa juu, chini, pembeni. Laini kama sahani iliyooshwa. Kikatoa mlio mmoja, kikanyamaza.

Mtaniuliza, si angeomba mtu amwashie? Ninyi hamjawahi kuwa wazee. Mzee anaomba maji. Anaomba kupelekwa chooni. Kuwasha redio ndilo jambo pekee alilokuwa bado hajaliomba kwa mtu. Kwa hiyo kila mchana alikaa kimya mle garini, na mwanawe alipopiga simu kwa jirani na kuuliza habari za redio, mzee alijibu, "Inaimba vizuri sana."

Siku moja akapita mama muuza viazi kutoka ng'ambo ya mto.

"Pole na mwenzako, mzee. Tangazo walilitoa mara mbili. Tulikungoja pale kaburini mpaka watu wakachoka, wengine wakasema labda mlikosana."

Mzee hakulia. Aliuliza tu, "Udongo alitupa nani?"

"Mjukuu wake."

Mwana alipopata habari alikuja mbio. "Baba, mbona hukuniambia kwamba huwezi kuiwasha?"

"Ningekuambiaje, na wewe ulikuwa umefurahi vile?"

"Nitaitafuta ya zamani, nikurudishie!"

"Ya kazi gani, mwanangu? Niliyekuwa namsikilizia ameshatangazwa."

Haya. Mnamtikisia kichwa yule kijana. Na sisi je? Sisi tuliompelekea mama kochi laini hata hawezi kuinuka mpaka avutwe? Tuliomwekea baba vigae vya kumwangusha, tukapiga na picha? Nani kati yetu aliuliza kwanza? Tunawapa wazee wetu vitu vinavyotupendeza sisi, halafu tunangoja shukrani. Nao wanatupa, kwa sababu wanatupenda. Hiyo ndiyo inayoniuma mimi.

Bwana wetu alipoitwa na kipofu njiani, umati wote uliona kilichopungua ni macho. Hata hivyo alimuuliza kwanza anataka nini. Yeye aliuliza! Wewe ni nani usiyeuliza?

Amina zenu kaeni nazo. Nendeni kwanza nyumbani mkaulize. Na mzee akikujibu "vizuri sana", usinyanyuke. Kaa papo hapo, uliza tena.