Gundi ya Panzi na Kiti cha Dirishani

Hapo zamani, lakini si zamani sana, kwa kuwa supaglu ilikuwa imeshafika madukani na watu wameshaanza kuilaumu, palikuwa na karakana karibu na Kiganjo, na ndani yake wanawake waliotengeneza wadudu wa uongo. Usicheke. Walifunga uzi na manyoya juu ya ndoana mpaka akatokea nzi au panzi, na wavuvi wa ng'ambo wakawanunua wakawadanganyie samaki wa mtoni. Kila mtu na riziki yake.

Karakana ilikuwa na dirisha moja tu. Na desturi ya Mama Kabura, mwenye karakana, ilikuwa hii: anayeokoa kazi iliyoharibika ndiye anayekaa kwenye kiti cha dirishani, mpaka mwingine aokoe nyingine. Wakati huo kiti kilikuwa kitupu, kwa sababu aliyekuwa nacho ameolewa Embu. Wengine walikiona ni heshima. Nyaguthii alikiona ni uhai wake. Macho yake yalikuwa yameanza kumsaliti; kule ndani alikokaa, uzi ulimponyoka asiuone. Hakumwambia mtu. Mfungaji akikosa macho amekosa kazi, na Nyaguthii hakujua kazi nyingine.

Siku moja panzi wakarudishwa. Walikuwa panzi wa foamu, ile nyembamba inayokatwa kwa makasi kama karatasi, vipande viwili vilivyogandishwa, cha kijani juu na cha njano chini. Mnunuzi aliandika kwamba wakiingia majini vipande vinaachana. Akatoa siku saba: aletewe panzi wazima, la sivyo kazi inakwenda kwingine.

Karakana ikachemka. Huyu akasema ni uzi, huyu akasema ni foamu. Nyaguthii alikaa, akainuka, akakaa tena. Mwishowe akavuta beseni la maji akaanza kujaribu. Akagandisha kwa gundi nyeupe ya mbao. Akaloweka, akakunja, akavuta. Ikayeyuka kama uji. Akagandisha kwa supaglu, waliyokuwa wakiitumia siku zote. Akaloweka, akakunja, hata hakufika kuvuta. Ikalia ka, ikapasuka.

"Uzi hauna kosa," akawaambia. "Foamu inakunjika, na supaglu ikishakauka haikunjiki. Tunataka gundi inayokubali kukunjwa."

Itoke wapi, hakujua. Siku tatu zikaisha hivyo, na usingizi wake nao.

Siku ya nne Wairuri, mfungaji mwenzao, akaja na kopo la gundi ndani ya kiondo. Mumewe alikuwa fundi viatu, mtu asiyemwazima mtu hata sindano, naye alikuwa matangani Ol Kalou. Wairuri alifungua sanduku la mumewe bila ruhusa, wala hakuwahi kumtazama akifanya kazi.

"Kiatu kinakunjwa kila hatua na soli haitoki," akasema. "Jaribuni upesi kabla mwenyewe hajarudi."

Nyaguthii akapaka upande mmoja, akabandika gundi ikiwa mbichi. Akaloweka, akakunja, akavuta. Vipande vikateleza, vikaachana. Akaongeza gundi, mambo yakazidi kuharibika. Siku ya tano vivyo hivyo. Kufikia siku ya sita kopo lilikuwa nusu, na Wairuri alichungulia barabarani kila gari liliposimama.

Siku hiyo Mukami, aliyekaa ubavuni mwa Nyaguthii, alipewa panzi mmoja ajaribu. Akapaka kipande cha juu, akapaka na cha chini kwa kukosea, kisha akasikia maji yamekuja bombani. Mnajua wenyewe maji yakija. Akaviacha wazi mezani akakimbilia ndoo. Foleni, umbea, vicheko. Aliporudi gundi imekauka, haishiki hata kidole. Akaogopa kuulizwa. Akabandika kipande juu ya kipande, akabonyeza, akamtupa panzi bakulini pamoja na wenzake wa kujaribiwa, akanyamaza.

Nyaguthii akamtoa. Akaloweka, akakunja, akavuta. Akavuta kwa meno. Foamu yenyewe ikachanika, gundi ikabaki palepale.

"Huyu ni wa nani?" akauliza. "Simgombezi mtu. Nataka kujua alipakwaje."

Mukami akasema kweli yote, na ndoo akaitaja. Basi wakapaka pande zote mbili, wakangoja ikauke, wakabandika. Siku ya saba panzi walikwenda, na safari hii hawakurudishwa.

Mama Kabura akasimama kando ya kile kiti. "Haya, semeni," akasema.

Wairuri akasema: "Bila kopo mngepaka nini? Nimemwibia mume wangu kwa ajili yenu. Amerudi jana, na mpaka sasa hajanisemesha. Ninyi mmepata kazi, mimi nimepata kununiwa."

Mukami akasema: "Kopo lilikaa hapa siku mbili halijafaa kitu. Lilifaa mikononi mwangu. Mtasema nilikosea, lakini kosa langu ndilo mnalolifanya wote leo."

Nyaguthii akasimama, akakaa, akasimama. "Nani alijua kwamba ubaya uko kwenye gundi? Nani alimvuta yule panzi? Ningemwacha bakulini angetupwa pamoja na wenzake." Akaona bora aseme. "Na macho yangu yanakwisha, Mama Kabura. Nikibaki kule ndani, nitarudi nyumbani."

"Hilo nalijua," Mukami akasema taratibu. "Nalijua tangu Pasaka. Vifundo vyako vinavyolegea, Nyaguthii, nani huvifunga upya ukienda kula? Ndiyo maana mimi humaliza wa mwisho, nanyi mnaniita mvivu."

Nyaguthii alishikwa na haya mpaka masikio yakamwaka, kwa kuwa yeye ndiye aliyeanza kumwita hivyo. Alitaka kumshukuru. Na bado alikitaka kile kiti.

Mama Kabura akashika mgongo wa kiti, akawatazama mmoja mmoja. Wote watatu walikuwa wamesimama.

Nami siongezi neno, maana popote nilipoisimulia habari hii watu wameondoka hawasemezani. Amueni ninyi mliokaa hapa: yupo aliyeiba kopo, yupo aliyekosea akapatia, yupo aliyevuta akajua. Kiti ni kimoja. Je, mwanga ule aliustahili nani?