Kidani cha Zimwi

Jamani, msikanyage! Nimeinua kidani changu niwaonyeshe, shanga zote zimetiririka mkekani. Nimezunguka Mombasa hadi Kigoma, na bado nasahau kufunga fundo kwenye ncha ya uzi. Basi okoteni huku mkisikiliza, maana hata Bi Mwanakheri alianza hivi hivi.

Zimwi lilimtia binti wa Mwanakheri kapuni, likamwambia mama, "Nitungie kidani kabla njaa haijaniuma. Ukishindwa, namla."

Mwanakheri hakuwahi kutunga shanga. Akatunga mbiombio, akainua, zikamwagika. Zikapiga kelele sakafuni, "Nyuma wazi! Nyuma wazi!" Hakuzisikia, masikio yote yalikuwa nje, zimwi likizunguka nyumba na kuta zikitikisika.

Akatunga tena, akainua, zikamwagika. "Nyuma wazi! Nyuma wazi!" Nje zimwi likaguna, "Mama we, tumbo limeanza kuimba!" Likalamba kapu.

Mara ya tatu shanga zilipolia, Mwanakheri akatulia, akautazama uzi. Nyuma hapakuwa na fundo! Akalifunga, akatunga, akainua. Hata moja haikudondoka.

"Mtoto kwanza," akasema mlangoni.

Zimwi, kwa tamaa ya kupendeza, likamtoa mtoto, likainamisha shingo. Mwanakheri akalivisha, akaunga ncha kwa fundo la pili. Papo hapo shanga zikasogeleana, kidani kikabana koo.

"Fungua, mama! Hata mate hayapiti!"

"Ndiyo kwanza najifunza," akasema Mwanakheri. "Kufunga nimejua leo. Kufungua bado."