Ruta ya Marehemu na Jina la Mtoto

Haya, sogeeni. Mwenye simu ailaze kifudifudi, maana hadithi yenyewe inahusu mtandao na sitaki ushindani. Mimi nitasimulia mpaka pale nitakapokwama, na hapo nitakapokwama nyinyi ndio mtanikwamua.

Ujiji palikuwa na nyumba kongwe yenye kuta nene za matofali ya udongo, na ndani yake walikuwamo ndugu watatu, kila mmoja na lake.

Zuhura, binti mkubwa, alijaliwa jicho. Simaanishi uzuri wa jicho, ingawa huo nao hakunyimwa. Alikuwa anaviona vile ambavyo wenzake wameshavizoea. Ukihamisha kopo la chumvi jikoni, ukija na viatu ambavyo si vyako, Zuhura ndiye wa kwanza kujua, na hakusemi, anakutazama tu mpaka ujiseme mwenyewe.

Kibwana, kaka yake, alijaliwa ulimi. Alikuwa dalali wa viwanja, kazi ambayo bila ulimi hulali na chakula tumboni. Watu waliomkasirikia asubuhi, jioni walikuwa wakimwagizia kahawa.

Sudi alijaliwa mikono. Alikuwa fundi cherehani, na kitu kikiharibika nyumba ile, hata kama si nguo, kilipita kwanza kwa Sudi. Huyu hakuzaliwa na Bi Mwajabu, mama mwenye nyumba. Mama yake mzazi alifariki siku ile ile ya kumzaa, na Bi Mwajabu, ambaye wakati huo alikuwa na kichanga chake Ramla, akampokea akampa ziwa. Kwa hiyo Sudi na Ramla walikua wakigombania titi moja, na Sudi akawa mwana wa nyumba bila mjadala.

Sasa, huyo Ramla aliolewa akaenda kuishi Uturuki, akashika mimba. Mimba ikiwa kubwa, baba yao, Mzee Feruzi, akafariki. Bi Mwajabu akaingia eda. Anayeijua eda anaijua. Asiyeijua ni kwamba mjane hukaa ndani, hatoki kwenda kokote, wala haonani na wanaume wasiokuwa maharimu zake, yaani wasio ndugu zake wa damu au wa ziwa, mpaka muda wake utimie. Bi Mwajabu akakaa chumba cha ndani kabisa, akateremsha pazia la mlango, akabaki na kitanda, msala na simu.

Ramla akajifungua mtoto wa kike. Nyumba nzima ikafurahi kwa mara ya kwanza tangu msiba. Wakapiga simu ya video, Bi Mwajabu akaishika kwa mikono miwili, na alichokiona ni pembe ya taulo na kidole kimoja cha mtoto. Kisha picha ikaganda. Wakapiga tena, ikaganda tena. Sauti ya Ramla ikawa inakuja vipande vipande, "Ma... umemwo... ma...", na Bi Mwajabu akaiweka simu kitandani akalia, maana alikuwa mpweke na kile kidole hakikumtosha.

Kulikuwa na desturi katika familia ile. Siku ya saba mtoto hupewa jina, na jina hutolewa na mama yake mama. Ramla mwenyewe alishasema, "Mama, shekhe atakuja hapa kwetu, tutakupigia, utalitamka wewe." Lakini Bi Mwajabu naye alikuwa na lake.

"Simpi jina mtu nisiyemwona," alisema. "Nikimwona uso akiwa anapumua na kuchezacheza, si picha ya kuletewa, namwita. Nisipomwona, wakwe wa Ramla wamwite watakavyo."

Halafu akaongeza maneno yaliyoleta kesi hii yote. "Na atakayenifikishia uso wa mtoto huyu humu chumbani, yeye ndiye atakayechagua jina. Moja tu. Mimi nitalitamka."

Mnadhani ni zawadi ndogo? Zuhura alikuwa na binti, Mwanahawa, aliyemzika akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Tangu siku ile hakuna aliyelitaja jina lile nyumbani, kwa kumwonea huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyokuwa ikimuumiza. Alitaka alisikie likiitwa tena, na mtu aitike.

Kibwana alitaka Mwantumu, jina la bibi yake mzaa baba. Mzee Feruzi alikuwa akilisubiri jina la mama yake lirudi, lakini Mwanahawa alishapewa jina lake, na wajukuu wengine wote walikuwa wa kiume. Hospitalini, siku za mwisho, alimshika Kibwana mkono akamwambia, "Akizaliwa wa kike, umkumbuke mama yangu." Kibwana akaitikia.

Na Sudi alitaka Siwema. Siwema ni yule aliyefariki akimzaa. Hakuna picha yake, na kaburi lake halijulikani tena ni lipi. Kitu pekee cha mama yake alichonacho Sudi duniani ni hilo jina.

Basi, pakakaliwa kikao cha ruta. Nani hajui ruta? Kile kidude chenye taa na masikio, kinachogawa intaneti nyumbani. Baba yao mdogo, Mbaruku, ndiye aliyefungua kikao, tena akiwa nyuma ya pazia, maana yeye kwa Bi Mwajabu ni shemeji na eda haimruhusu kuingia.

"Ruta imezeeka," alisema pazia likitikisika. "Inunuliwe mpya. Nimeiona moja dukani Kigoma mjini, ina masikio manne. Hiyo yenu ina mawili."

"Hela iliyopo ni ya mbuzi wa akika, wa kumchinjia mtoto, shemeji," akasema Bi Mwajabu.

"Basi fukuzeni wale vijana wa barazani. Wanaimaliza intaneti yetu bure."

Hapa niwaeleze. Marehemu Mzee Feruzi alikuwa mkarimu, aliwapa vijana wa mtaani neno la siri la ruta, wakawa wanakaa barazani kwake kutwa wakitazama mpira. Kila mtu alikuwa akiwasingizia wao. Na mtandao wa simu wa kawaida chumbani mle haukuwa unashika. Mpaka utoke uende njia panda, na mwenye eda haendi njia panda. Namwona mmoja hapo anataka kusema Bi Mwajabu angehamia sebuleni. Sebule ilikuwa na wanaume wa rambirambi kutwa. Nenda wewe kamwambie ahame, halafu uje utusimulie.

Wengi wakakubaliana na Mbaruku: inunuliwe mpya, mbuzi asamehewe. Ndipo Zuhura, aliyekuwa kimya akimtazama kila msemaji mdomoni, akauliza swali.

"Kama ruta imezeeka, mbona vijana wa barazani hawalalamiki?"

Zuhura akatoka akawauliza vijana wenyewe. Wakamwambia picha ni safi, mpira wanauona mpaka jasho la wachezaji. Akarudi na simu yake mkononi, akasimama mbele ya kabati la sebuleni, picha ikaja. Akaenda nyuma ya ukuta wa kabati, upande wa chumba cha mama, picha ikafa. Akarudi mbele, ikafufuka. Alifanya hivyo mara kadhaa kama mtu anayecheza kujificha peke yake, mpaka Mbaruku akauliza kama huyu binti wa kaka yake ana homa.

Kabati lenyewe lilikuwa lile la vyombo vya wageni, vile ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kulia. Mlango wa kioo, na mgongo wake wote ni kioo cha kujitazamia, ili vikombe vionekane vingi. Mzee Feruzi alipoleta ruta, kwa kuwa ilikuwa kitu cha thamani, aliiweka humo katikati ya mabirika. Bi Mwajabu akaifumia kitambaa kama alivyozifumia redio na televisheni, akakishonea kabisa, waya wa umeme ukipita kwenye matundu ya nyuzi. Kwa miaka yote hiyo watu walipita mbele yake wakasema imependeza.

"Intaneti inatoka kwa mbele tu," Zuhura alisema. "Nyuma inakutana na kile kioo, na ukuta, na mama. Tukinunua yenye masikio manne tukaiweka mle mle, itakuwa hivi hivi."

Sasa ilijulikana. Lakini kujua ni kitu kimoja na kulifungua kabati ni kingine. Ufunguo ulikuwa chini ya mto wa Bi Mwajabu, na tangu mumewe afariki hakuruhusu kabati liguswe hata kwa kufutwa vumbi. Vyombo vile alivipanga marehemu kwa mkono wake mwenyewe. Zuhura aliomba ufunguo akakataliwa. Aliomba tena, mama akageukia ukutani.

Hapo akaingia Kibwana, akaketi chini kwenye mkeka. Hakuutaja ufunguo. Alimuuliza mama yake siku baba alipoileta ile ruta, alikuwa amevaa nini. Mama akamwambia. Akamuuliza alisema nini. Mama akacheka kidogo, akasema alijigamba kwamba sasa dunia nzima itaingia nyumbani. Wakaongea hivyo, mambo ya marehemu, mpaka chai ikapoa.

"Mama," akasema Kibwana mwishowe, "angekuwa hai leo, akaambiwa mjukuu wake wa kike yuko nyuma ya kioo kile, angefanya nini?"

Bi Mwajabu akautazama mto wake.

"Angekivunja," alisema. Akaingiza mkono chini ya mto.

Wakati huo ilikuwa siku ya saba, na Ramla alishatuma ujumbe kwamba shekhe yuko njiani. Ufunguo ulipotoka tu, Mbaruku akaunyakua kwa furaha, akafungua kabati, akakishika kitambaa akakivuta ruta itoke haraka. Akasahau kwamba waya umepita kwenye nyuzi. Ruta ikaja, waya ukabaki, umekatika karibu na mdomo wake. Taa zikazima. Hata vijana wa barazani waliguna kwa pamoja.

"Si niliwaambia mnunue mpya," akasema Mbaruku, lakini kwa sauti ya chini.

Ilikuwa Ijumaa mchana, swala ndiyo kwanza imekwisha na maduka hayajafunguliwa, na Kigoma mjini kwenda na kurudi shekhe angekuwa ameshaondoka. Zuhura akaushika ule waya akautazama; jicho lake liliona ulipokatika, na basi. Kibwana akakimbilia njia panda akawapigia simu mafundi wawili, akawabembeleza kwa maneno matamu, wote wakaahidi kuja kesho.

Sudi akaja na wembe na mkasi wake wa kazi. Akauchomoa waya kwenye umeme, akaumenya ngozi taratibu, akatoa nyuzi za shaba zilizo nyembamba kuliko za kushonea, akaanza kuzisokota uzi kwa uzi, huku na huku, kila upande na mwenzake. Jasho lilikuwa likimdondoka puani. Mbaruku akataka kumpepea, akaambiwa asimame mbali. Alipomaliza akafunga kwa utepe, akaipeleka ruta ukumbini, akaitundika juu ya mlango wa Bi Mwajabu pale Zuhura alipomwonyesha, akachomeka.

Taa ya kwanza ikawaka. Ya pili ikasitasita, ikawaka.

Simu ikaita. Bi Mwajabu akapokea, na mtoto akaja mzima mzima: nywele, mashavu, pua. Akapiga mwayo, na mwayo ukaja wote bila kukatika. Bi Mwajabu alifurahi mpaka akasahau kusalimia. Alikuwa akisema tu, "Huyu hapa. Huyu hapa." Mbaruku huko nyuma ya pazia akajipangusa macho, akatangaza kwamba anakwenda kumleta mbuzi.

"Mama," akasema Ramla, "shekhe yuko hapa. Anaitwa nani?"

Bi Mwajabu akawageukia watatu wake.

"Mama," Zuhura alisema, "kama si mimi, mngenunua ruta mpya, mbuzi mngemkosa, na mtoto bado usingemwona."

"Kweli ulijua," akasema Kibwana. "Na ungebaki na kujua kwako nje ya kabati lililofungwa. Mimi nilimwitikia baba, Zuhura. Nilimwitikia akiwa ameshika mkono wangu huu."

Sudi hakuwa mtu wa maneno. Alisema, "Nyinyi wawili mlipomaliza kazi zenu, ruta ilikuwa imekufa." Akaangalia chini. "Nanyi majina yenu yanakumbukwa na wengi. La kwangu nikinyamaza mimi, limekwisha."

Bi Mwajabu akamtazama binti aliyemzaa na aliyemsaidia kumzika mwanawe. Akamtazama mwana aliyebeba neno la mumewe. Akamtazama mwana aliyemnyonyesha badala ya mwanamke ambaye hakupata hata kumbeba. Hakumwona mwongo kati yao.

Mimi ndipo ninapokwama hapa. Na msiniletee ujanja wa kumpa mtoto majina matatu. Mama alisema moja, na mama wa Ujiji akisema moja ni moja. Wala asitokee wa kuniambia jina ni la Mbaruku kwa kuwa ndiye aliyekata waya Sudi akapata kazi, ingawa nasikia yeye mwenyewe alijaribu hoja hiyo. Pimeni hawa watatu. Aliyeona, aliyefungua, aliyeunga. Ukimtoa mmoja, Bi Mwajabu anabaki na pembe ya taulo.

Ramla anasubiri. Shekhe ameshainama, mdomo wake uko karibu kabisa na mtoto, hajui atamke nini. Mtoto kafumbua macho anaitazama simu, na picha bado ni safi. Je, ungekuwa wewe kwenye kile kitanda, ungemwita Mwanahawa, Mwantumu, au Siwema? Na ukishataja, ungewatazamaje wale wawili waliobaki?