Video za Mwalimu Mrutu

Usimtumie mtu hii kabla hujaisoma mpaka chini. Mimi niliituma nikiwa katikati, kwa mwalimu ninayefundisha naye, akanipigia kuniuliza kama nimemlenga yeye.

Kulikuwa na mwalimu wa Hisabati katika shule moja ya msingi huko milimani Upare, jina lake Mwalimu Mrutu. Alikuwa mtu mwema, mwenye bidii, na mwenye sauti. Ukipita barabarani saa tatu asubuhi ulijua darasa la sita wamefika ukurasa wa ngapi.

Mwaka huo alipokea mwanafunzi mgeni, binti wa miaka kumi na miwili aliyeitwa Nakiete. Binti huyu aliugua homa ya uti wa mgongo alipokuwa na miaka sita. Alipona, lakini masikio hayakurudi. Kuongea aliongea, ila kusikia hakusikia kitu. Aliwaelewa watu kwa kuitazama midomo yao.

Mwalimu Mkuu aliwakumbusha walimu kwamba siku hizi elimu ni jumuishi, kila mtoto asome na wenzake, na kila mwalimu amsaidie kadiri awezavyo. Mwalimu Mrutu alilipokea agizo hilo kwa moyo wote. Alimketisha Nakiete dawati la mbele kabisa, kisha akaongeza sauti.

Aliongeza sana. Watoto wa dawati la pili walirudi nyumbani na vichwa vinawauma. Mwalimu wa darasa la tano, upande wa pili wa ukuta, aliacha kabisa kufundisha kipindi hicho, maana watoto wake walikuwa wanapata Hisabati ya darasa la sita bure.

Nakiete naye aliona mdomo unapanuka na kufumba, unapanuka na kufumba, halafu mwalimu anageuka na kuendelea kuongea na ubao. Kila baada ya dakika chache mwalimu alimgeukia kumuuliza kama ameelewa. Nakiete alitikisa kichwa kukubali. Wewe ungefanya nini mbele ya darasa zima?

Siku moja mwalimu akatoa swali kwa imla: "Mama alinunua papa watatu sokoni. Kila papa ana kilo nne. Tafuta uzito wa papa wote."

Sasa jaribu jambo moja. Simama mbele ya kioo, useme bila kutoa sauti: mama, baba, papa. Umeona? Mdomo ni ule ule.

Nakiete aliandika hivi: Baba alinunua mama watatu sokoni. Kila mama ana kilo nne. Jibu: kilo kumi na mbili.

Daftari lile lilisomwa ofisini, na walimu wakacheka hadi mmoja akamwaga chai. Jibu lilikuwa sahihi. Hakuna aliyelitazama.

Mwalimu Mrutu hakucheka kama wenzake. Moyo ulimuuma. Aliona anamtesa mtoto wa watu bure, akaandika barua ya kupendekeza Nakiete ahamishiwe shule ya bweni ya watoto wasiosikia, mkoa mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Mama Nakiete, ambaye alikuwa fundi cherehani, aliitwa kuja kutia sahihi.

Mama huyo aliisoma barua mara mbili. Akasema shule hiyo huenda ni nzuri, hana ubaya nayo, lakini mtoto wake ni huyo mmoja, na angependa kwanza kuambiwa ni nini kimejaribiwa hapa kikashindikana.

"Mama, nimejaribu kila sauti niliyonayo," Mwalimu Mrutu alimjibu, na alikuwa anasema kweli.

Mama akaomba siku chache za kufikiri. Barua ikawekwa kwenye droo ya Mwalimu Mkuu.

Kabla siku hizo hazijaisha, mvua ikanyesha siku nne mfululizo, mlima ukaporomoka na barabara ya kwenda shuleni ikakatika. Ikaamuliwa watoto wasome nyumbani kwa simu za wazazi mpaka barabara itengenezwe. Kundi la wasap likaundwa. Mwalimu angejirekodi video ya somo kila asubuhi, watoto wangefanya mazoezi na kuyatuma kwa picha.

Mwalimu Mrutu alijiandaa kama bwana harusi. Alinyoa ndevu. Alimpelekea fundi viatu simu yake, akashonewa kava nene la ngozi la kuikinga na mvua, lenye tundu zuri la duara kwa ajili ya kamera. Aliandika namba za hesabu kwenye vipande vya boksi, akaegemeza simu kwenye kopo la unga, akakaa mbele yake na kuanza. Video akishairekodi aliituma hapo hapo. Kujitazama mwenyewe aliona haya.

Matokeo yalimshangaza. Mazoezi yalirudi yamefanywa vizuri kuliko alivyowahi kuyaona darasani. Hata mtoto mmoja ambaye tangu darasa la kwanza alikuwa akiandika jibu moja kwa maswali yote, sasa alikuwa na majibu tofauti, na mengi yalikuwa ya kweli. Nakiete naye alipata karibu yote. Mwalimu alidhani kuna mjomba anayemsaidia, akaandika "Vizuri" na kuendelea.

Baada ya wiki tatu barabara ilifunguka na watoto wakarudi wakafanya jaribio. Darasa la sita likafaulu kuliko darasa lolote la miaka ya karibuni. Mwalimu Mrutu alianza kutembea kwa mikono nyuma. Aliwaambia wenzake kwamba simu inataka mwalimu mwenye sauti ya kupenya.

Mwalimu Mkuu akafurahi, akamwalika Afisa Elimu wa Kata na wazazi waje waone video hizo, ili shule nyingine zijifunze. Runinga ikawekwa ofisini, ikaunganishwa na spika iliyoazimwa kwa kwaya ya kanisa. Watu wakajipanga kwenye viti. Video ya kwanza ikaanza.

Mwalimu Mrutu alitokea kwenye runinga, uso mkubwa, ndevu zimenyolewa. Mdomo ukaanza kwenda. Sauti hakuna.

Wakaongeza sauti. Wakachomoa waya, wakauchomeka tena. Mtu akasema spika ni mbovu, wakaijaribu kwa wimbo wa kwaya, madirisha yakatetemeka. Wakafungua video ya pili, ya tatu, wakafika ya kumi na tano. Mwalimu alizungumza kwa hisia kubwa, akainua kidole, akatabasamu, akauliza swali na kusubiri jibu. Yote hayo kimya kama makaburini.

Afisa Elimu akaomba simu. Akaigeuza chini juu, akatazama mahali pa kuingilia sauti, akakuta ngozi ya lile kava imepaziba kabisa.

"Mwalimu," akasema, "fundi wako amekutobolea macho, lakini mdomo ameushonea ndani."

Mwalimu Mrutu akawageukia wazazi, akawauliza inawezekanaje wiki tatu zipite asiwepo hata mmoja wa kumwambia. Baba mmoja alikiri kwamba alidhani simu yake imekufa, akaipeleka kwa fundi mara mbili. Mwingine alikuwa ameazima spika za masikioni kwa jirani. Wa tatu, aliyekuwa akiandika kila siku kwenye kundi "Asante mwalimu, somo limeeleweka," alikuwa ameona aibu kuonekana ana simu ya hali ya chini.

"Basi watoto wamefundishwa na nani?" Afisa akauliza.

Mama Nakiete akasimama. Alieleza kwamba siku ya kwanza aliitikisa simu kama chupa ya dawa, asisikie kitu. Alipotaka kuizima, akamwona binti yake ameinamia daftari anaandika. Alifikiri ananakili namba za kwenye boksi. Alipochungulia akakuta maneno yote ya mwalimu, mpaka alipokohoa na kuomba radhi. Akapiga picha ukurasa ule, akautuma kwenye lile kundi jingine la wazazi, lile lisilokuwa na walimu. Tangu siku hiyo nyumba thelathini na nane zilikuwa zikisubiri Nakiete amalize kuandika.

Akaufungua ukurasa mmoja na kuusoma: "Mama, au baba, au papa, chagueni wenyewe, amegawa shamba lake sehemu tano."

Afisa Elimu alicheka hadi akavua miwani. Mwalimu Mrutu hakucheka. Alikaa chini taratibu, akaomba Nakiete aitwe.

Nakiete alipoambiwa habari yenyewe, alimtazama mama yake, akamtazama mwalimu.

"Kumbe hazikuwa na sauti?" akauliza. Katika darasa zima, yeye peke yake hakuwa ameona tatizo lolote.

Mwalimu Mrutu akavuta kiti akakaa mbele yake. Alitaka kujua kwa nini darasani alikuwa anamkosa, na kwenye simu amempata neno kwa neno.

"Kwenye simu ulikaa mahali pamoja, ukanitazama," Nakiete akasema. "Na namba zilikuwa zimeandikwa. Darasani unatembea na kuongea na ubao. Halafu, samahani mwalimu, ukipiga kelele mdomo wako unakuwa kama wa kiboko, maneno yote yanafanana."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Uliniuliza kila siku kama nimeelewa. Hukuniuliza nifanyiwe nini ili nielewe."

Mwalimu Mkuu akafungua droo, akaitoa ile barua na kuiweka mezani. Mama Nakiete hakuigusa. Alimgeukia binti yake, akamuuliza yeye anataka nini. Nakiete akasema angependa kujifunza lugha ya alama na wale watoto wa bweni, labda wakati wa likizo. Lakini darasa la sita alitaka kulimalizia hapa, kama mwalimu atakubali kuliandika swali ubaoni kabla ya kulisoma.

Mwalimu Mrutu alikubali kabla binti hajamaliza kusema. Barua ikachanwa.

Jumatatu iliyofuata mwalimu aliingia na chaki. Aliandika maswali yote ubaoni. Kisha akachora duara sakafuni, akaingia ndani yake, akajikataza kutoka. Ilimpa shida. Kuna wakati mguu mmoja ulitoka wenyewe, akaurudisha kwa mkono, na watoto wakajikaza wasicheke. Alifundisha kwa sauti ya kawaida, uso kwa uso, mpaka mwisho wa kipindi.

Kisha akauliza, "Nani hajaelewa, na ni wapi?"

Nakiete akanyoosha mkono. "Mimi. Mstari wa tatu."

Mwalimu Mrutu alifurahi kama mtu aliyepewa zawadi. Kabla hajageukia ubao, akaona nyuma ya Nakiete mikono mingine tisa imeinuka, mmoja baada ya mwingine, na mtoto mmoja alikuwa ameinua yote miwili.

Funzo: Kumsaidia mwanafunzi mwenye mahitaji maalumu si kumwongezea kelele wala huruma, muulize yeye mwenyewe anajifunzaje, kisha ubadilike wewe, nawe utagundua kwamba hakuwa peke yake aliyekuwa hakuelewi.