Ngusa Aliyewabishia Hodi Nyuki

Paukwa!

Pakawa!

Ala! Hiyo ndiyo sauti ya watu waliokula wakashiba? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Wenye kuchoma mihogo wachome, lakini midomo ifungwe, masikio yafunguliwe.

Hapo zamani za kale, enzi ambazo babu wa babu yangu alikuwa hajaota meno, kulikuwa na kijiji kimoja juu mlimani, kando ya msitu mkubwa wa miyombo. Huko baridi si mchezo. Kipupwe kikiingia, ukungu unashuka mpaka mlangoni, mbuzi wanatetemeka zizini, na maua msituni hakuna hata la dawa.

Watu wa kijiji kile walikuwa warina asali. Kila mrina alikuwa na sehemu yake ya msitu aliyoachiwa na baba yake, na mizinga yake ya magome imelazwa juu ya miti. Lakini msitu ule ulikuwa na sharti. Kipupwe kikiisha, miyombo ikaanza kuchanua, wazee waliingia msituni wakiongozwa na Mzee Lushinge, mkuu wa msitu. Walipita sehemu moja baada ya nyingine. Mzee Lushinge alinyanyua fimbo yake ndefu, akagonga mzinga: ko! ko! ko! Nyuki wakiitika vuuuu, basi, sehemu ni yako. Kama hakuna mzinga hata mmoja ulioitika, unanyang'anywa sehemu yako, anapewa mwenye nyuki. Msitu haukai na mtu asiye na nyuki, ndivyo walivyosema.

Sasa palikuwa na mrina mmoja, jina lake Ngusa. Mtu mwema, mchapakazi, hana neno na mtu. Kasoro yake ilikuwa moja tu: roho yake haikujua kutulia. Akipanda mahindi leo, kesho anafukua aone kama yameota. Mkewe, Nyamizi, akibandika chungu cha maharage, Ngusa anafunua, anafunika, anafunua.

"Baba, ukifunua tena utayala mabichi," Nyamizi alimwambia.

Na kweli aliyala mabichi, mara nyingi tu.

Mwaka ule baba yake Ngusa alifariki, na kile kilikuwa kipupwe chake cha kwanza peke yake na mizinga. Hofu ikamwingia. Alijiuliza, je, nyuki wakifa? Je, wakihama? Wazee wakija wakakuta kimya, watoto wangu watakula nini? Alijilaza, hakulala. Aliketi, hakuketi. Asubuhi moja akakata ufito mrefu, akaenda msituni, akasimama chini ya mzinga wa kwanza.

Ko! ko! ko! "Nyuki wangu, mpo?"

Vuuuuuu!

Ngusa akacheka peke yake. Wapo! Akaenda mzinga wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Vuuuuuu! Wote wapo. Akarudi nyumbani akala ugali kama mtu.

Lakini kesho yake hofu ilikuwa imeamka kabla yake. Jana walikuwapo, je, leo? Akachukua ufito.

Ko! ko! ko! "Nyuki wangu, mpo?"

Vuuuu.

Kesho yake tena. Na kesho yake. Ukungu ukiwa mzito yeye yumo, upepo ukivuma yeye yumo.

Ko! ko! ko! "Nyuki wangu, mpo?"

Vuuu.

Sauti mbona imepungua? Basi akawa anakwenda asubuhi na jioni. Mtu ukiona mgonjwa anazidiwa si unamtazama mara kwa mara? Ndivyo Ngusa alivyofikiri, masikini.

Ko! ko! ko! "Mpo?"

Vu.

Mpaka siku moja mzinga wa kwanza haukuitika kabisa. Ngusa aligonga, akagonga tena, akatupa ufito, akapanda mti. Akafungua kifuniko. Nyuki walikuwa wamekufa, kila mmoja kichwa amekizamisha ndani ya tundu la sega, mkia nje. Walikuwa wakitafuta tone la mwisho. Asali hakuna. Sega limekauka karakara.

Ngusa akakirudishia kifuniko, akashuka. Baada ya siku chache ukanyamaza mzinga wa pili. Kisha mwingine. Kisha mwingine. Akaanza kusema na moyo wake: nimelogwa. Kuna mtu anaitaka sehemu yangu. Akamkumbuka jirani huyu, akamkumbuka yule, akawachukia wote bila ushahidi.

Ulipobaki mzinga mmoja tu, Nyamizi akamwambia, "Baba, kabla hujagombana na kijiji kizima, nenda kwa Bibi Kalunde."

Bibi Kalunde alikuwa mjane wa mkuu wa msitu wa zamani. Hakuwahi kupanda mti wa mzinga hata siku moja. Wanawake wa kijiji kile hawakupanda. Lakini maisha yake yote alisimama chini akimshikia mumewe kamba, na aliyesimama chini huona nani anatoka na nani anaingia. Watu walimheshimu, ingawa ulimi wake ulikuwa na pilipili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona umekonda? Nyamizi amevunja chungu?"

Ngusa akamweleza yote. Bibi Kalunde akasikiliza akimenya karanga.

"Na wewe ulikuwa unawafanyia nini hao nyuki?"

"Sijawafanyia kitu, bibi. Nilikuwa nawajulia hali tu. Asubuhi na jioni."

Bibi Kalunde akaacha kumenya. Hakusema neno juu ya nyuki. Alisema, "Kesho alfajiri njoo kwangu, tumbo tupu. Uje na shuka."

Ngusa akaenda. Bibi akampa bakuli la karanga, akamwonyesha chumba cha ndani. "Ingia, ujifunike, ulale. Hizo karanga ndizo chakula chako mpaka jua lizame. Ukilala tuli zitakutosha na kubaki. Lakini nikibisha, uamke, uje mlangoni, uitike kwa nguvu, utafune kiganja kimoja kurudisha nguvu, kisha ulale."

Ngusa aliona ni mambo ya uzee, ila nani atabishana na Bibi Kalunde? Akajifunika. Joto likaanza kumwingia, macho yakaanza kufumba.

Ko! ko! ko! "Hodi! Ngusa, upo?"

"Nipo, bibi!"

Akatafuna, akalala. Joto likaanza kurudi.

Ko! ko! ko! "Ngusa, upo?"

"Nipo!"

Akatafuna, akalala. Hata shuka halijapata moto:

Ko! ko! ko! "Upo?"

"Nipo, bibi."

Ko! ko! ko!

"Nipo."

Jua halijafika utosini, bakuli limebaki maganda. Ngusa ana njaa, ana baridi, kichwa kinamuuma. Ndipo mlango ukalia tena, ko! ko! ko!

Akainuka kwa hasira, akafungua mlango. "Bibi! Si nimekwambia nipo! Unanitakia nini mimi? Karanga zimekwisha, usingizi umekwisha, mbona unanitesa?"

Bibi Kalunde alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Akasema polepole, "Sikutesi, mjukuu wangu. Nakujulia hali tu. Nakupenda."

Ngusa akageuka nyuma. Akalitazama bakuli. Akaona vile vichwa vilivyozama katika sega, akaketi pale pale kizingitini, akalia kwa sauti kama mtoto. Mwizi wa asali yao alikuwa yeye. Hakuila yeye, lakini aliwalazimisha waile kabla ya wakati wake, kila siku, ili yeye apate kulala.

Bibi Kalunde akamwacha alie mpaka akamaliza. Kisha akamletea uji.

"Una asali nyumbani?"

"Kibuyu kimoja. Ndiyo asali yetu ya mwisho, bibi."

"Ni yao. Mchana jua likitoka, uimimine katika kigae, utupie majani makavu wapate pa kukanyaga wasizame. Kiweke karibu na mlango wa mzinga. Kisha shuka, uondoke."

"Nitajuaje kama wamekula?"

"Hutajua."

"Nitajuaje kama wako hai?"

"Ngusa! Hutajua. Hiyo ndiyo kazi yako sasa. Kaniletee ule ufito."

Ngusa akaenda, akauleta. Bibi Kalunde akauvunja gotini, akausokomeza chini ya chungu, ukaungua.

Nyamizi alikitoa kile kibuyu, ingawa watoto walikililia. Ngusa akapanda, akaweka asali, akashuka. Na kuanzia hapo, wasikilizaji wangu, ndipo alipoujua msiba wa kungoja. Kipupwe kilikataa kuondoka. Miyombo ilisimama mitupu. Ngusa alikuwa akitoka mpaka ukingoni mwa msitu, anasimama, miguu inataka kwenda, anairudisha. Mkono wake ukawa unagonga kila kitu: goti, kigoda, ukuta.

"Baba, sasa unamgonga mbuzi," Nyamizi alimwambia, na siku hiyo walicheka kidogo, lakini kicheko hakikufika mbali. Aliwaza, nimewaua. Kisha, hapana, wapo. Kisha, nimewaua. Na hakwenda.

Hatimaye myombo mmoja ukatoa maua. Kisha mwingine. Wazee wakatangaza siku.

Asubuhi ile ilikuwa na ukungu. Wazee walifika sehemu ya Ngusa, watu wakifuata nyuma, wengine kwa huruma, wengine kwa kuikodolea macho ile sehemu. Mzee Lushinge akagonga mzinga wa kwanza. Ko! ko! ko! Kimya. Wa pili. Kimya. Kimya, kimya, mpaka wakafika kwenye mti wa mwisho.

Mzee Lushinge akanyanyua fimbo.

Ngusa akaidaka.

Watu wakaguna. Nani amewahi kushika fimbo ya mkuu wa msitu?

"Mzee wangu, naomba usigonge," Ngusa akasema.

"Unajua unachosema, Ngusa? Pasipo sauti, sehemu si yako."

"Najua."

"Baba yako aliilinda mpaka nywele zikawa nyeupe."

"Najua, mzee wangu. Ichukueni. Mpeni mnayemtaka. Lakini mzinga huu usigongwe leo, na huyo mtakayempa mwambieni asiugonge. Kama wamo, ni wachache na wamechoka, na aliyewachosha ni mimi. Nimeshawabishia vya kutosha."

Nyamizi akajifunika uso kwa kanga. Mzee Lushinge alisimama na fimbo yake hewani, hajui aishushe wapi.

Ndipo Bibi Kalunde, aliyekuwa amekuja nyuma ya wote kwa mwendo wake wa kobe, akasema, "Lushinge. Sharti la msitu linataka nyuki wawepo, au linataka nyuki wagongwe?"

Mzee Lushinge akafikiri. "Linataka wawepo."

"Basi keti. Una haraka ya kwenda wapi, na uzee huo?"

Mkuu wa msitu akaketi. Wazee wakaketi. Kijiji kizima kikaketi chini kwenye majani yenye umande, kikatazama tundu la mzinga. Hakuna kitu. Ukungu ukapita. Hakuna kitu. Moyo wa Ngusa unapiga ti! ti! ti! mpaka akaushika asije akawasumbua nao. Watu wakaanza kunong'ona, mmoja akainuka aende zake. Jua likatoboa kidogo, likaangukia gome.

Nyuki mmoja akaja kutoka kwenye maua. Mdogo, anaruka chini chini, mzito. Akatua mlangoni.

"Huyo labda ni mgeni," mzee mmoja akasema.

"Mtazame miguu," akasema Bibi Kalunde.

Miguu yake ilikuwa imejaa unga wa maua, wa njano, kila mguu furushi.

"Huo unga haupelekwi kwenye mzinga wa wafu," Bibi akasema. "Huo ni uji wa watoto. Anayebeba uji, nyumbani kuna watoto wanamlilia."

Yule nyuki akaingia ndani. Akaja wa pili, ana furushi. Wa tatu. Mwingine akatoka ndani, akajinyoosha mbawa juani, akaruka.

Mzee Lushinge akailaza fimbo yake majanini. Ngusa alitaka kupiga kelele, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yakapita katikati ya vidole.

Sehemu ilibaki kuwa yake. Na Bibi Kalunde alipofariki, kijiji kile kilimzika kwa heshima ya mkuu wa msitu, na tangu siku ile ya ukungu hakuna mzee aliyegonga mzinga tena. Wanaketi chini kwenye umande, wanangoja anayebeba uji. Ikichukua mchana mzima, wanangoja mchana mzima.

Nanyi wenye wagonjwa, wenye watoto walio mbali, wenye mbegu ardhini, sikilizeni: kujulia hali ni kuzuri, lakini kuna kujulia hali kunakomaliza chakula cha unayempenda. Hofu yako ikikuamsha, ilaze wewe mwenyewe. Usimwamshe mwenzio akulazie.

Hadithi yangu nimeifikisha hapo, na hapo nimeiacha.