Arobaini ya Maisara

Mwanadamu ana tabia moja mbaya: akimpenda mtu, hujiona anamjua. Humchagulia chakula, humchagulia nguo, humchagulia hata maumivu yapi ayasikie na yapi ayapuuze. Wahenga, ambao hawakuwa na mchezo katika mambo haya, walituachia neno la kumkanya mtu wa aina hiyo. Neno lenyewe nitalitaja mwisho, maana kwanza yafaa tujue kupuuzwa kwake kulivyomgharimu Shariffa binti Badawi wa Mji wa Kale, Mombasa.

Shariffa alikuwa mkanda wazazi. Mwanamke akijifungua katika vichochoro vile, Shariffa ndiye aliyetafutwa. Alimkanda kwa mafuta ya moto, akamfunga mkaja, kitambaa cha kukaza tumbo, akamwosha mtoto mapajani pake. Kazi zote hizo alizifanya akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kwani aliteleza ngazini akavunjika uti wa mgongo wakati Maisara, mwanawe wa pekee, angali ananyonya. Toka kiunoni kwenda chini hakuwa na hisi. Ungemchoma sindano asingegutuka.

Kwa hiyo mwili wake aliuchunga kwa akili, maana maumivu hayakuwepo ya kumwonya. Alikalia mto mnene wa sponji, uliotiwa viraka mpaka rangi yake ya kwanza ikasahaulika, na kila baada ya muda mfupi alijinyanyua kwa mikono miwili, kisha akatua upya. Wanawake walimtania: "Shariffa, mbona wainukainuka? Wamwona mgeni gani?"

"Namwinukia Izraili, mwenzangu," naye hujibu, "apite zake." Nao hucheka mpaka wakajifuta machozi.

Maisara aliolewa Maskati. Aliposhika mimba ya kwanza, halikuwepo swali la nani angekwenda kumlea. Uzazi wa kwanza ni wa mama. Mama ndiye anayemkanda mwanawe na kumlisha mpaka arobaini itimie, na mzazi katika muda huo havuki kizingiti.

"Nimekanda wana wa watu mpaka vidole vimeota sugu," Shariffa alisema. "Wangu nimwachie nani?" Hilo ndilo aliloliomba kwa Mola usiku na mchana, wala hakuomba jingine.

Yeslam, ndugu yake mdogo, muuza vitambaa huko Makadara, alijitwika shughuli ya safari na akaahidi kumsindikiza. Hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Alimpenda dadake. Ila alikuwa na ugonjwa wa kuogopa macho ya watu, na kila alipowakumbuka wakwe wa Maskati, ugonjwa ulimzidi. Alimnunulia Shariffa buibui jipya na sanduku jipya, kisha akamletea mto wa mahameli wenye nyuzi za dhahabu, mwembamba kama chapati.

Shariffa aliubonyeza kwa vidole. "Huu ni wa kutazamwa, ndugu yangu. Mimi nataka wa kukaliwa."

"Dada, mto ni mto. Utaingia kwa wakwe na lile dude la viraka? Si watasema nduguye amemtupa?"

"Na waseme! Makalio ni yangu, si yao."

Yeslam akaangua kicheko. "Astaghfirullah, dada!"

"Mimi sicheki, Yeslam. Nikikaa pagumu nachubuka, na nikichubuka sijui. Wewe ukiumia mwili wako hukupigia kelele. Wangu ulinyamaza zamani."

"Kwani hii ni safari ya mwaka? Wenzako watatembea na mizigo wachoke. Wewe umekaa tu."

Wewe umekaa tu! Shariffa aliuweka ule mto kando. Bila Yeslam hakuwa na mwingine wa kumfikisha kwa mwanawe, naye hakutaka kumuudhi.

Asubuhi ya safari Yeslam aliuacha mto wa viraka nyumbani, kwa makusudi. Shariffa aligundua walipokuwa wameshavuka daraja la Makupa, njiani kwenda uwanja wa ndege.

"Turudi, Yeslam. Nakuomba."

"Ndege itatuacha, dada. Maskati nitakununulia mwingine, mzuri zaidi."

Ndege ya kwanza iliwashusha katika nchi ya watu wasubiri ya pili. Ya pili ikachelewa. Kiti cha Shariffa kilikuwa kimeshapelekwa kwenye mizigo, hivyo akapewa cha uwanjani, chembamba na kigumu, na ule mto wa mahameli ukalala bapa chini yake. Wahudumu walikuwa na adabu. Walikuja mara kwa mara kuuliza kama mama anahitaji kitu, lakini walimuuliza Yeslam. Naye akajibu kwa tabasamu: "Hana shida, yuko sawa."

Shariffa alijinyanyua kwa mikono mpaka mikono ikaanza kutetemeka. Mwishowe alimshika nduguye kikoi. "Nitandikie chochote hapo chini nilale ubavu. Kidogo tu."

"Hapa? Mbele ya wanaume wote hawa?" Yeslam alinong'ona huku akiangaza macho kulia na kushoto. "Vumilia, dada. Tumekaribia."

Akavumilia mpaka kukapambazuka.

Walipofika Maskati, Maisara alikuwa ameshajifungua mtoto wa kike. Lo, furaha ya nyumba ile! Shariffa alimpakata mjukuu, akamwosha, akamnusa kichwa, akalia. Alimkanda Maisara mgongo huku akimgombeza kwa kukonda. Kwa siku chache yule mama alikipata alichokiomba kwa Mola.

Kisha Maisara, alipokuwa akimsaidia mama yake kubadili nguo, aliona doa jeusi chini ya kiuno chake, pana kama kisahani cha kahawa, na katikati ngozi imefunguka.

"Mama! Hiki kidonda ni cha nini?"

"Kiko wapi?" Shariffa aliuliza.

Homa ikafuata, na hospitali ikafuata. Madaktari walisema kidonda kimekula ndani kuliko kinavyoonekana, na sumu yake imeingia kwenye damu. Maisara alitaka kwenda kumuuguza, akajifunga mtandio, akafika mlangoni. Aliyemzuia hakuwa mume wala mama mkwe. Alikuwa Shariffa mwenyewe, kwa simu, kutoka kitandani.

"Mzazi hatoki, Maisara. Nimewakataza wana wa watu wote, nikuruhusu wewe? Mkaja umefungwa na nani leo?"

"Na jirani, mama."

"Ameukaza?"

Maisara akaangua kilio.

"Mwambie aukaze," mama alisema kwa sauti iliyokuwa imeshaanza kupotea.

Basi wakakaa hivyo, mama na mwana, katika mji mmoja, bila ya kuonana. Arobaini haijatimia, Shariffa akafariki dunia. Siku hiyo Maisara hakuzuilika tena. Alimwacha mtoto kwa mama mkwe, akatoka na mkaja wake tumboni, akaenda kumwosha mama yake. Aliyekuja kuosha ndiye aliyeoshwa, masikini, na mikono ya yule yule aliyemfuata.

Maisara alipopata nguvu alikuja Mombasa na mtoto, kwa khitma ya mama yake. Wageni walipotawanyika, walibaki watu wa nyumbani tu. Yeslam alikuwa ameinamisha kichwa, ndevu zimemjaa machozi, akirudia neno lile lile alilolisema tangu Maskati: "Laiti angaliniambia! Wallahi, laiti angaliniambia!"

Jamaa walitikisa vichwa kwa huruma. Mmoja alisema ni kazi ya Mungu.

"Alikwambia, mjomba," Maisara alisema.

Chumba kizima kikamgeukia. Alikuwa akimnyonyesha mwanawe, wala hakupaza sauti. "Mama alinieleza yote. Alikwambia hapa nyumbani. Alikwambia mlipovuka Makupa. Alikwambia uwanjani, akakuomba alale chini, ukamwona anakutia aibu. Ulimpenda, mjomba, hilo silikatai. Lakini aliyekuwa akikikalia kile kiti ni yeye, na wewe ndiwe uliyekuwa ukiamua kama anaumia."

Yeslam alijifunika uso kwa viganja. Hakuna aliyemtetea, na hakuna aliyemlaani. Kweli walivyonena wahenga: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.