Spika za Baba Mwenye Nyumba

Bwana Kirobo alikuwa bahili wa kuona uchungu hata jirani akinusa harufu ya pilau yake. Siku moja alimchukua mpangaji wake, Bi Siwema, mpiga ngoma za harusini, waende dukani amchagulie spika ndefu za kusimama sakafuni: zenye sabufa ndani yake, au zisizo nayo.

"Baba mwenye nyumba, utaziweka wapi?" aliuliza Siwema.

"Kwenye ukuta unaotutenganisha. Zilie mchana kutwa!"

Siwema akapiga kigelegele. "Basi chukua zenye sabufa! Sauti nyembamba huishia ukutani, lakini besi hupenya. Nitawaita wanawake wa mtaa mzima, tucheze chumbani kwangu kwa muziki wako, bure bilashi!"

"Kwa umeme wangu?"

"Kila siku, baba! Mungu akuzidishie."

Kirobo akamgeukia muuzaji. "Nifungie zisizo na sabufa."

Siwema alilalamika njia nzima. Alipofika kwake, akafungua mlango kwa kunyata. Mumewe, mlinzi wa usiku, akainua kichwa kitandani.

"Amenunua zenye sabufa?" aliuliza kwa hofu.

Siwema akamfunika shuka vizuri. "Lala, mume wangu. Nimemsihi sana azinunue."